Levi na Barafu Juu ya Mchanga

Phelista, nimetoka Endebess sasa hivi, aibu tupu. Tulienda kumposea mwanangu Levi yule Cheptoo.

Babake msichana akauliza, "Kijana, huko ng'ambo unafanya kazi gani?" Levi akajibu, "Nasukuma barafu juu ya mchanga, nione kama itateleza." Mungu ampe hekima, masomo tayari anayo.

Juu ya mchanga! Shangazi wa msichana akaruka: "Ati mtoto mchanga? Shetani ashindwe!"

Nikapayuka, "Si mtoto, mama, ni mchanga wa kujengea! Barafu ya baharini hukwama kwenye mchanga chini ya maji, yeye na wenzake wanapima inavyokataa kusonga!"

Mzee akauliza, "Na ikikataa, unafanya nini?"

Levi: "Naendelea kusukuma polepole."

"Basi huyu ataweza kukaa na Cheptoo."

Nyumba yote ikacheka, isipokuwa Cheptoo. Bwana asifiwe, nimepata mkaza mwana.