Bibi wa Kwenye Kopo

Gorong'a, Tarime
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Simioni,

Shikamoo uliyonitumia kwa yule dereva wa kambi yenu ya watalii imenifikia, nami naipokea: marahaba sana. Natumaini kifua chako kimepoa na baridi ya huko Natta haikusumbui unapolinda geti. Mimi huku ni mzima. Ninakula, ninalala, na mguu wa kushoto unaniuma mvua ikikaribia kama kawaida yake. Mahindi yamebeba vizuri. Ukuta wa jikoni nao bado umesimama, ingawa uliutabiria mabaya.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu nitalia, na nikilia salio litaisha kabla sijafika popote. Halafu wewe tangu utoto huachi mtu amalize kusema. Basi kaa chini, usome mpaka mwisho, ndipo ugombe.

Juzi uliniuliza kama yule bibi wa kwenye kopo la siagi ya karanga, lile wanalowekewa wageni wa kambi mezani asubuhi, ni mimi. Nikacheka, nikasema mtandao unakatika. Haukukatika. Ni mimi. Na yale maneno ya Kiingereza chini ya picha, mpishi wenu alikusomea sawasawa. Yanasema Bibi Bhoke ni mjane, hana mtu, na kila kopo linalonunuliwa linampa sababu ya kuamka kesho.

Najua ulivyoshtuka, maana nyumba yangu unaijua. Nashoni alipofariki bila kuniachia mtoto, ni wewe uliyesema nyumba ya mtu haifungwi kama duka. Ukaswaga ng'ombe hadi Itiryo, tukamwoa Waisiko kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, awe mke wangu mimi mwanamke mwenzake, na watoto atakaozaa waitwe kwa jina la Nashoni. Akazaa Joel. Akazaa Nyangi, tukampa jina la mama yetu. Waliozoea kuniita tasa kisimani ikabidi watafute habari nyingine.

Sasa nikueleze hilo kopo lilivyoanza. Sisi wanawake wa kikundi tulikuwa tunakaanga karanga, tunasaga, tunauza gulioni. Akaja Bi Sabaha, binti wa yule mzee wa duka la vitambaa Mugumu, akajitolea kututafutia soko kwenye makambi. Si mtu mbaya, usije ukamchukia kwa ajili yangu. Akifika ananiamkia vizuri, anakula nilichopika, na hajawahi kutudhulumu. Mwanzo aliweka picha ya karanga kwenye kopo. Makopo yakakaa tu mpaka mafuta yakapanda juu. Akaweka picha ya kikundi kizima, tumevaa vitenge vya sare, tunacheka. Wageni wakasema tunapendeza, wakalirudisha kopo mezani.

Siku moja akanikuta mlangoni nachambua karanga. Waisiko alikuwa shambani, watoto shule. Akanipiga picha moja tu. Makopo yenye picha hiyo yakaisha yote, na wengine wakaagiza wapelekewe kwao Ulaya.

Nilimuuliza kwa nini, na maelezo yake sijayasahau. Alisema mtu ukimwonyesha wanawake wengi wenye shida, anaona shida ni kubwa kuliko mkoba wake, basi anageuka upande mwingine. Ukimwonyesha mmoja, mwenye jina na macho, anahisi anaweza kumwokoa kabla chai haijapoa. Alisema hakuna anayepanda ndege kuja kutafuta siagi ya karanga. Wananunua ule wema watakaousikia moyoni wakishalipa. Nilimwambia huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Lakini katika bei ya kila kopo kulikuwa na sehemu ya msaada, na kwa sehemu hiyo shule yetu imepata tanki la maji, na Agustina jirani yangu ameezeka bati. Nikaacha kubisha.

Nikafundishwa na kutazama, mdogo wangu. Nisitazame kamera, nitazame mbali, nifikirie jambo la kuhuzunisha. Nilimfikiria yule beberu wako aliyetafuna kitenge changu kipya siku ya harusi yako. Sabaha akasema hapo hapo mama, usitingishike.

Baadaye wageni wakataka kuniona kwa macho. Sabaha akaomba siku wakija uwanja uwe mtulivu kidogo, wasichanganyikiwe. Hakusema zaidi ya hapo. Hayo mengine niliyaongeza mwenyewe. Nilianua nguo za watoto kwenye kamba, nikaficha viatu vyao, nikaingiza ndani vigoda vyote nikabakiza kimoja. Mara ya kwanza Waisiko alicheka sana, akasema leo mama uko kazini, akabeba jembe, akaondoka na watoto kwenda shamba la chini. Wageni walipoondoka tuliigiza walivyokuwa wakinishika mikono, tukacheka mpaka ugali ukaungua.

Kisha wakaja tena, na tena. Waisiko akaacha kucheka, mimi sikuona. Ilifika siku Joel ana homa, bado nikawaambia wakae migombani hadi gari liondoke, kwamba wageni hawakawii. Walikawia. Siku hiyo mama mmoja mnene mwenye kofia alinikumbatia, akalia kwa sauti, mimi ndiye niliyembembeleza.

Simioni, nitakuambia jambo la aibu. Nilipenda kuliliwa. Tangu matanga ya Nashoni hakuna aliyewahi kunililia. Nyumbani mimi ndiye mkubwa, ndiye mwenye boma, wote wanalia kwangu. Nikawa nawasubiri wale watu. Gari likikaa sana bila kuja, nanuna.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Wiki chache zilizopita walikuja wageni, Sabaha hakuwepo, alikuwa kamtuma mkalimani. Nimekaa kwenye kigoda changu, natazama mbali kama nilivyofundishwa. Mara Nyangi akatokea mbio kutoka migombani, mkono ameufumba, anaita bibi, bibi, limetoka. Alikuwa ameng'oka jino lake la kwanza, akanikimbilia mimi, maana nilimwahidi tutalirusha pamoja juu ya paa. Akanifungulia kiganja. Wageni wakauliza mtoto huyu ni wa nani. Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyeninong'oneza. Nikajibu kwamba ni mtoto wa jirani.

Wakampa biskuti, wakasifu majirani wa Afrika. Nyangi akafumba mkono, akarudi alikotoka akitembea. Waisiko alikuwa amesimama nyuma ya ua wa minyaa, alimfuata ili amzuie. Alisikia.

Jioni mtoto aliniuliza ni jirani yupi.

Wewe unajua swali lile kwetu lina uzito gani. Mtoto ni wa nani, ndicho wazee walichokaa kukiuliza Itiryo siku ya kutoa ng'ombe, na ulijibu wewe mbele yao kwamba ni wa nyumba ya Bhoke. Waisiko hakunigombeza. Aliniambia kwa upole kwamba alitolewa kwao ili nyumba hii isikose watu, na kama sasa nyumba inaishi kwa kuuza kukosa watu, basi yeye na wanawe wanaiharibia biashara. Asubuhi akafungasha, akawachukua watoto, akarudi Itiryo. Sikumzuia. Nilidhani ni hasira za kulala mara mbili tatu. Mpaka leo.

Nimebaki na uwanja mtulivu. Ninasonga ugali wa watu wanne, mikono haijajifunza. Nguo zangu pekee zinaninginia kwenye kamba, na vigoda bado viko ndani, sina sababu ya kuvitoa. Jino lile alilisahau dirishani, au aliliacha, sijui.

Juzi Sabaha alikuja kupiga picha mpya, hajui lolote. Akapiga, akatazama kwenye simu yake, akasema hii inashinda zote, safari hii mama hukuhitaji hata kuelekezwa. Ndipo nikamweleza yote. Alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake safi, akalia, na nisingependa tena mtu anililie. Nimemwambia aifute picha hiyo na aning'oe kwenye makopo. Wenzangu wa kikundi wamenuna, na Agustina hanisalimii. Wanasema bila sura yangu karanga zitarudi kuwa karanga. Huenda ni kweli. Nitasaga, nitakwenda gulioni kama zamani.

Ninachokuomba ni hiki. Chukua ruhusa, uende Itiryo, maana mdomo uliosema mara ya kwanza ni wako. Usidai ng'ombe, hata wakikutajia wenyewe. Waite wazee wale wale, Waisiko awepo, Nyangi awepo, useme mbele yao kwamba dada yako amekiri alisema uongo, na kwamba mtoto ni wa nyumba ya Bhoke. Ningekwenda mwenyewe, mguu huu ungenifikisha, lakini naogopa mtoto asije akanitazama nilivyowafundisha wageni kunitazama. Waisiko akikataa, usimlazimishe. Mwambie tu jino ninalo, sijalirusha.

Msalimie Irine, mwambie kitenge alichonitumia kimenikaa vizuri. Wasalimie na wanao wote, mmoja mmoja kwa jina.

Barua zangu zote nilizowahi kukuandikia nilizimalizia kwa kusema Waisiko na watoto wanakusalimu. Nimekaa na kalamu hapa muda mrefu nikitafuta wa kumweka mahali hapo. Leo ninakusalimu mimi.

Dada yako,
Bhoke