Kipande cha Chikanda Mbele ya Mama Mkwe

Jumamosi, Vwawa. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na mimi natamani ingenibeba.

Leo nimeaibika, jamani.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Wiki nzima nimewafundisha kidato cha kwanza kupanga viumbe: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, mpaka spishi. Mwanafunzi mmoja akamweka popo kwenye kundi la ndege kwa sababu anaruka. Nikamcheka mbele ya darasa. "Usiangalie sura, angalia ukoo!" Maneno yangu mwenyewe hayo.

Leo nikaenda Tunduma kwa kina Neema, mchumba wangu, mama yake anione kabla sijapeleka mshenga. Mama akaandaa ugali, maharage, na sahani ya kitu cha kahawia kilichokatwa vipande kama soseji. Sasa hii ni Kwaresma, na nimeweka nadhiri ya kutokula nyama mpaka Pasaka. Ningenyamaza, nile maharage yangu. Wapi! Kiherehere.

"Samahani mama, hiyo siwezi. Hiyo ni himaya ya wanyama."

Mama akanitazama. "Umejuaje, mwalimu?"

"Kwa kuangalia tu, mama."

Shangazi yake Neema alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Kumbe ni chikanda, chakula ambacho ndugu zao wa upande wa Zambia hawakikosi. Ni viazi vidogo vya maua ya porini, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga. Sisi wa Mbozi kwenye kahawa, kwetu sikuwahi kukiona. Maua yenyewe ni okidi, familia moja na vanila. Okidi! Nimeichora ubaoni kwa mkono wangu.

"Baba, hii haichinjwi," mama akasema taratibu. "Inachimbwa."

Nikala vipande vinne kwa toba. Cha tano nilikula kwa sababu ni kitamu.

Nimerudi nikijua posa imeharibika. Nampenda Neema, sina namna nyingine ya kulisema. Tangu nifike nimeshika simu tu, hata viatu vyenye matope sijavua.

Ujumbe wake umeingia sasa hivi: "Mama anasema mshenga aje Jumamosi ijayo. Ila wewe siku ukija tena, chakula usikipange makundi. Kula."

Jumatatu, kabla sijafungua kitabu, namwomba radhi yule wa popo.