Mguu wa Kusikia

Rongai, mwezi wa nane, 1978

Kwako Masinde, mpiga litungu wa Gilgil,

Pokea salamu zangu, na za mvua ya huku ambayo imekataa kwenda kwao. Mama watoto hajambo? Na magoti yako, bado yanalia ukipanda mlima? Mimi niko sawa, bado nashinda vijana kubeba gunia, na ukisikia mtu anakataa, muulize alikuwa wapi nikibeba. Joash wa lori ya mahindi anakuletea hii barua pamoja na mashine yako ya kurekodi. Usifungue mashine kabla hujamaliza kusoma. Nakujua.

Unakumbuka vile nilikuja kuiomba. Mke wangu Chepngeno, ile goita ya shingo ilikuwa imefika mahali hata maji inapita kwa shida. Daktari wa Nakuru akasema lazima akate, lakini goita imejifunga kwa kamba ya sauti. Sauti inaweza kurudi, inaweza kukosa. Na ng'ombe yetu nyekundu haiachilii maziwa bila kusikia Chepngeno akiimba. Mimi nilijaribu, ikanipiga teke nikaruka ua, ua ambayo hata farasi ya mzungu ilikuwa inazunguka. Ndio nikasema tumrekodi. Kila mtu nilimwambia ni ya ng'ombe.

Asubuhi ya kukatwa nilifika wodi mapema. Sista akasema watakuja kumchukua kabla ya saa sita. Nikafinya vidude viwili vya kurekodi pamoja, vile ulinionyesha. Chepngeno akaimba ile ya kukamua, yote, akaongeza na maneno ya watoto. Nikarudisha nyuma tusikie. Masinde, ilitoka shhh, kama mahindi inamwagwa kwa stoo. Sauti hakuna. Chepngeno akaniangalia tu. Hakunitania, na huyo mama hunitania hata kwa matanga.

Nikashika mashine nikatoka mbio mpaka kwa Gurdial, fundi wa redio. Watu wa baiskeli niliwaacha nyuma, wengine walifikiri nimeiba. Duka imejaa. Gurdial akasema niache mashine nirudi kesho. Nikamwambia hii kitu haina kesho, nikamweleza ya mama na kisu. Akasukuma redio ya mtu kando, akaniambia, "Mzee, wewe weka mkono mfukoni. Hapana gusa."

Alipofungua nikaona kidude cheusi kimelala na miguu mingi kama jongoo. Gurdial alisema kila mguu iko na kazi yake na haisaidii mwenzake. Huu unakula moto ya mawe ya betri. Huu umeshika ardhi. Huu unatoa sauti iende kwa spika. Halafu akagusa mmoja na sindano, ukatingishika. Huo ndio wa kusikia, unaleta sauti kutoka kwa maikrofoni, na risasi ya kuuunganisha imeachia. Kwa hivyo mashine yako inasema vizuri, lakini masikio haina. Akachoma risasi mpya polepole sana, na mimi naangalia saa ya ukuta mpaka macho yakaingia maji. Ni moshi ile.

Nilirudi wodi wakati sista anatandika kile kitanda cha magurudumu. Nikafinya vidude nikiwa bado mlangoni. Na sasa, Masinde, unanijua. Nilikuwa na habari. Nilimweleza Chepngeno mbio yote, nikamweleza jongoo, mguu wa kula, mguu wa ardhi, nikafika kwa mashine inayosema na haisikii. Hapo akacheka. Alicheka mpaka akashika kitanda, akasema, "Kimaiyo, hiyo mashine ni wewe. Sasa nyamaza, nikuimbie." Wakaingia kabla hajaanza, wakamsukuma wakaenda.

Alirudi mzima, Mungu ni mkubwa. Anakula, anatembea. Lakini sauti haikurudi, ni upepo tu sasa. Daktari anasema tungoje. Mimi niliona macho ya daktari, sikuuliza tena.

Kwa hivyo hapa kwa mashine utakuta mawe mapya, na kaseti hakuna, nimebaki nayo. Ile ya nyuzi za litungu yako ndiyo ilikuwa ndani. Mimi nikirekodi mara ya kwanza, mashine ilifuta litungu yote na haikusikia kitu. Kasirika, lakini wewe vidole bado unavyo. Utapiga tena, na labda safari hii utapiga vizuri. Nimevunja vile vimeno vya nyuma ya kaseti, ili mtu asije akarekodi juu.

Ng'ombe? Nilikopa redio ya kaseti kwa jirani, nikapeleka kwa boma. Mimi nikiongea huko ndani ya kaseti, inapiga teke tu. Ikifika kwa kucheka, inasimama, maziwa inashuka. Kila asubuhi, Masinde, naambiwa ninyamaze. Na nanyamaza. Chepngeno anakuja anasimama kwa mlango wa boma, anasikiliza, halafu ananiangalia kama mtu ameshinda kesi. Maziwa inajaa na mimi sijaongea neno.

Hukuwahi kuniona hivyo. Kuja uone, na ubebe litungu. Chepngeno anakusalimu kwa mkono. Salimia nyumba yote, hata yale magoti.

Ni mimi rafiki yako,
Kimaiyo, mwenye ng'ombe nyekundu