Nilimwachisha Kaka Dawa Ili Wakwe Wamwone Mzima

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada, na kama kunigombeza ndiko kutakakonisaidia basi nigombeze, kwa sababu hapa nyumbani kila anayepita ananipa pole na mimi napokea tu, ilhali najua moyoni kwamba pole hizo sizistahili.

Mimi ni dobi, nafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu, mume wangu alifariki binti yetu akiwa darasa la pili, na tangu hapo tumeishi watatu, mimi, binti na kaka yangu mkubwa ambaye chumba chake kiko uani, nyuma ya kamba za kuanikia. Kaka ni fundi wa kujalidi vitabu kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, wenzake wanamwita Gundi kwa sababu kucha zake hazitakati, na jina lenyewe analipenda, hata mimi nikitaka acheke namwita hivyo. Alianza kuugua akiwa na miaka ishirini na miwili, akawa anasikia watu wakimsema ndani ya ukuta, anawajibu, anagombana nao mpaka sauti inamkauka, na mama alihangaika naye huku na kule miaka mitatu kabla hajaelekezwa kliniki ya magonjwa ya akili, akaandikiwa vidonge, wale watu wa ukutani wakanyamaza. Mama alipofariki niliachiwa mimi kadi ya kliniki. Miaka ishirini, mshauri, kaka amekunywa dawa kila jioni akimaliza kula, anakwenda kazini, anarudi, anasikiliza redio, anamfundisha binti yangu kushona daftari zilizochanika, na mtu mgeni asingejua kitu.

Ila dawa zilikuwa na usumbufu wake. Mikono inamtetemeka, mate yanamchuruzika pembeni ya mdomo asijue, uso unakuwa mzito, ukimuuliza jambo jibu linachelewa hadi unadhani hakusikia, na sisi tulishazoea, binti yangu alikuwa anampangusa mdomo kwa kiganja huku anaendelea na hadithi yake.

Mwaka huu binti, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea, aliniambia kuna kijana, na wazazi wa kijana wanataka kuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi tujuane, na kwa kuwa baba hayupo, mjomba ndiye atakayekaa mbele na kuzungumza kwa niaba yetu. Mshauri, kuanzia siku hiyo nikaanza kumtazama kaka yangu kwa macho ya wageni. Namwona anavyoshika kikombe kwa mikono miwili na bado chai inamwagika, nasema moyoni, hawa watu wataiangalia mikono hii, halafu watamwangalia mwanangu, watajiuliza damu yetu ina nini.

Nikamfuata chumbani kwake mchana mmoja wa Jumapili, nikamwambia, "Kaka, pumzika na hizo dawa kidogo, wiki tatu tu, uchangamke."

Akasema, "Daktari alinikataza kuacha."

Nikamjibu, na maneno haya nayasikia kila siku, "Daktari hatakaa kwenye kochi letu Jumamosi ile. Atakaa mwanangu."

Alifikiri, kwa ule upole wake, kisha akafungua droo akanipa kopo zima, akasema, "Sawa. Wewe ndiye unayenijua." Hakubisha tena. Kopo nikalificha chumba cha mbele ninakofulia, nyuma ya mifuko ya sabuni.

Na alichangamka kweli. Mikono ilitulia, uso ukafunguka, akaanza kutania watu kama alivyokuwa kabla ya kuugua, na siku ya wageni nilimvalisha suti ya marehemu mume wangu niliyoipiga pasi mara mbili, akazungumza vizuri mpaka baba wa kijana akacheka akajifuta machozi, akasema, "Mjomba huyu mmemficha wapi siku zote?" Nilijiona mshindi. Wageni walipoondoka kaka alinifuata jikoni nilikokuwa naosha vyombo, akaniuliza, "Sasa nirudie dawa zangu?"

Hapo ndipo penye dhambi yangu, mshauri. Nilimwambia asubiri harusi ipite. Miezi miwili na nusu. Aliniomba mwenyewe, kwa mdomo wake, na kopo liko hatua kumi kutoka tulipokuwa tumesimama.

Wiki ya sita alianza kukosa usingizi. Wiki ya saba meneja wa kiwanda alinipigia simu nikamchukue, amejalidi vitabu mia tatu vya mteja kurasa zikiwa zimegeuzwa juu chini, na alipoulizwa akasema kuna wanaosoma kupitia madirisha, lazima wazuiwe. Nyumbani akabandika makaratasi ya jalada kwenye dirisha la chumba chake, kisha la jikoni. Nikaogopa, nikatoa kopo, nikasaga vidonge viwili nikavitia kwenye chai, akainusa, akanitazama usoni muda mrefu, akasema, "Umenitilia nini?" Nikasema sijatia kitu. Akakiweka kikombe chini taratibu, akatoka na viatu vya ndani. Tulimtafuta siku tisa.

Sasa yupo. Anakaa nyuma ya kile kiwanda cha uchapaji, kwenye ukuta wa stoo ya karatasi, peku, mguu wa kushoto umechanika na kuvimba, anaongea na ukuta. Mfanyakazi mwenzake, mzee wa mashine ya kukatia karatasi, anampelekea chakula na anakula. Nikienda mimi anakimbia, anapiga kelele kwamba nimetumwa nimuue, watu wanasimama wananitazama, na mimi narudi nyumbani napiga pasi mashati ya watu. Mdogo wetu wa mwisho anasema tuwakusanye vijana wenye nguvu, tumfunge kamba, tumpeleke kwa mtu fulani anayejua kutoa mashetani, atakaa huko hata miezi. Binti yangu analia, anauliza, "Mama, miaka yote hii alikuwa mzima, imekuwaje?" Nami nasema sijui. Wakwe nimewaambia mjomba amesafiri kikazi. Harusi imebaki wiki tano.

Nifanyeje, mshauri? Nimtoeje pale? Na je, ni lazima binti yangu ajue? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Ni mimi,
Dobi

JIBU

Dada yangu Dobi,

Barua yako niliipata Jumatatu na sikungoja gazeti litoke, nilikupigia saa ileile, kwa sababu mtu mwenye kidonda mguuni, akiwa nje peku, hangoji ukurasa wa ushauri. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa ruhusa yako, maana zipo nyumba nyingi zenye kopo lililofichwa nyuma ya kitu.

Umeomba kugombezwa. Basi sikia. Ugonjwa wa kaka yako hukuuleta wewe, ulikuwepo kabla hujawa mtu mzima, na huo mzigo utue leo. Lakini kurudi kwa ugonjwa huo kuna mkono wako, na ukiendelea kusema "sijui" utamuua huyu mtu kwa aibu. Kaka yako hana shetani. Ana ugonjwa wa ubongo, unaotulizwa kwa dawa kama vile presha inavyotulizwa, na mwenye presha haachi vidonge kwa kuwa leo anajisikia vizuri. Ule uchangamfu ulioufurahia pale sebuleni ulikuwa ni usumbufu wa dawa unaondoka, huku ugonjwa ukiwa bado njiani. Ulikipenda kile kipindi kifupi kati ya viwili hivyo ukadhani ndiye kaka yako halisi. Kaka yako halisi ni yule aliyeshika kikombe kwa mikono miwili, akaenda kazini miaka ishirini.

Na ile mikono, dada. Ulikuwa na kadi, ulikuwa na kliniki ya kila mwezi, je, kuna siku hata moja ulimwambia daktari kwamba mikono inatetemeka na mate yanatoka? Uliniambia kwenye simu kwamba hapana, ulidhani ndivyo inavyotakiwa. Sivyo. Dawa hupunguzwa, hubadilishwa, zipo hata za kupunguza huo mtetemeko, ila daktari ndiye anayefanya hivyo, akiambiwa. Kwa swali la dakika moja tusingefika hapa, nawe usingelazimika kuchagua kati ya kaka na mwanao.

Kamba ni marufuku. Mwambie huyo mdogo wenu kwamba mtu anayeamini anawindwa, ukimletea vijana sita na kamba, umemthibitishia. Na huko kwa mtoa mashetani atakaa bila dawa, pengine amefungwa, na kidonda kitaoza. Kama anataka kuombewa, aombewe akiwa kitandani hospitali. Na usimtilie tena kitu kwenye chakula, hata kwa nia njema. Ulipomwambia hujatia kitu, ndipo ulipompa sababu ya kweli ya kukuogopa.

Nilikwambia uende kliniki asubuhi na kadi na kopo, umtafute muuguzi wa afya ya akili, umtajie tarehe ya kweli aliyoacha dawa, usifiche hata siku moja, na usimrudishie vidonge mwenyewe kwa kipimo cha zamani. Nikakwambia asiende kumchukua mtu ambaye yeye anamwogopa, aende ambaye anamwamini: yule mzee wa mashine, pamoja na binti yako. Wakae naye chini, wasibishane naye kuhusu ukuta, wasimwambie pia kwamba na wao wanawasikia wale watu wa ukutani. Waseme tu, "Tunaona unaogopa. Mguu unauma. Twende ukatazamwe mguu, tutakaa na wewe." Na akiwa ameshika kitu cha kudhuru mtu au kujidhuru, basi ni kupiga simu ya dharura papo hapo, si kusubiri.

Kwa hiyo binti ilikuwa lazima ajue. Nilipokwambia hivyo kwenye simu ukasema, "Ataniacha." Ukamwambia hata hivyo, na hapo nakupa heshima yako, maana najua ilikuwa vigumu.

Jana binti mwenyewe alinipigia. Yeye na mzee wa mashine walikaa na mjomba wake pale ukutani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na alipokubali kunyanyuka alimshika yule mzee mkono kama mtoto. Amelazwa. Mguu umesafishwa, watauokoa. Dawa ameanza upya, na madaktari wamesema itachukua wiki, huenda miezi, na hakuna aliyeahidi kwamba atarudi sawasawa na alivyokuwa. Kila kuanguka huacha alama. Kazi yake meneja hajasema ataishikilia. Wakwe wameambiwa ukweli na binti yako, si na wewe, nao wamesema watafikiri. Anayetakiwa kulibeba hilo sasa ni binti, na akiamua kusogeza harusi, usimbishie. Amenieleza pia kwamba analala kwa rafiki yake kwa sasa, na kwamba kaka yako ameomba usiingie wodini.

Usiingie. Nawe usikae peke yako na hili, hospitali ileile ina mahali pa jamaa za wagonjwa kuzungumza na mtaalamu, nenda ukakae hapo ulie kwa mtu anayejua kazi yake. Fua nguo zake, mpe binti azipeleke. Uwe unamuuliza muuguzi hali yake kila siku, ujifunze jina la kila dawa anayopewa. Radhi usimwombe sasa, ukamwamsha kutoka usingizi wa dawa ili wewe ndiye upate nafuu. Subiri. Mwombe siku atakapokuwa amepona kiasi cha kuweza kukukatalia.