Wamekuandika Marehemu

Mwanangu, wamekuandika marehemu!

Haya, hujambo, baba? Mimi mzima, ni magoti tu yanayogoma. Ile klabu yenu ya hadithi za roketi na sayari, uliyoianzisha na wenzako watano kwenye chumba changu cha cherehani, sasa ina watu arobaini, na wameandika kitabu cha historia yake. Ukurasa wa kwanza ni wewe tu. Nani mwingine mtaa huu amezaa mtu wa ukurasa wa kwanza? Nimemsomea jirani mpaka sasa akiniona anafunga mlango.

Lakini wameandika "marehemu mwanzilishi wetu". Nikamwambia katibu wao, "Futa hilo neno." Akainamisha kichwa. "Mama, miaka tisa hana barua wala simu."

"Niliyemzaa ni mimi, si wewe. Futa."

Amesema atangoja mpaka siku ya kukisoma, ndipo kipelekwe kuchapwa.

Sikuulizi ulikuwa wapi. Barua hii naituma kwenye anwani yako ileile ya zamani. Njoo, au andika hata mstari mmoja niwaonyeshe. Wanakuja wote hapa nyumbani kukisoma Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa alasiri.

Mama yako, ambaye hajafiwa.