Kidude Alichokileta Kristian

Lushoto,
13 Septemba 2024.

Mpendwa Mjomba Alphonce,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mufindi, pamoja na Mama Pendo na watoto, na kwamba ukungu wa kwenye mashamba ya chai haujakurudishia kile kikohozi. Sisi hatujambo. Mama yuko Gare, kifua kimetulia, na ameshaanza kuinama tena kwenye kabichi zake ingawa tunamkataza.

Naandika kwa mkono kwa sababu barua pepe yangu imefungwa. Najua ulipata ule ujumbe wa tarehe 5 wenye jina langu na kiungo cha picha za aibu, maana tangu siku hiyo hupokei simu zangu. Mjomba, sikuutuma mimi. Uliwafikia pia wazazi wote wa shule yetu na Baba Paroko. Kesho yake mkuu wetu, Sista Jenoveva, akanipa barua ya kujieleza: Jumatano ijayo nisimame mbele ya bodi niseme kwa nini nisiachishwe kazi.

Kristian, bwana stoo, ambaye hapa ndiye anayejiita fundi wa kompyuta, alisimama mlangoni kwangu watu wakisikia. “Huyo ndiye karani wa misheni,” akasema. “Asubuhi anachapa barua za Sista, jioni anachapa mambo yake.” Wakacheka. Mimi nikainamisha kichwa kama mwenye hatia. Kicheko kile sijakisahau na sina nia ya kukisahau.

Nilikwenda kwa dada Zainabu mwenye steshenari pale sokoni, kwa kuwa sikumwamini mtu wa ofisini. Akanionyesha kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti, orodha ya viongezo, yaani vile vidude vidogo vinavyobandikwa humo ili vifanye kazi fulani. Vingi havina ubaya: kimoja kinazuia matangazo, kingine kinasahihisha tahajia. Tulipoingia kwa akaunti ya ofisini kwangu kulikuwa na kimoja nisichokijua, cha kupakua video za mpira. Ruhusa yake ilisema kinaweza kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti, hata barua pepe yangu niliyoifungua humo; ndicho kilichotuma ule ujumbe kwa jina langu.

“Kinachosahihisha maandishi lazima kiyasome,” Zainabu akaniambia. “Lakini huyu wa mpira anataka nini kwenye barua zako? Mtu akija kukufagilia uwanja, mdogo wangu, utampa na funguo za kabati?” Akanifundisha pia kutazama aliyekitengeneza ni nani na waliokitumia wanalalamika nini, na kuwa macho hata na kizuri, kwa maana chaweza kuuzwa kwa mwenye nia mbaya kikabadilika bila wewe kujua.

Kilifikaje kwangu? Shuleni tunatumia akaunti moja, wote, na nywila imebandikwa ukutani kwa selotepu. Kumbe ukibandika kidude kwenye kompyuta moja, kinajitokeza kwenye zote. Na kwenye kompyuta ya stoo nilikuta mechi zilizopakuliwa kuanzia tarehe 28 Agosti. Siku hiyo mimi nilikuwa likizo Gare, na kitabu cha funguo kinaonyesha ofisi yangu haikufunguliwa.

Nilipiga picha kila kitu. Zainabu alisema nikiondoe saa ile ile. Sikukiondoa, Mjomba. Kingetoweka na kwa Kristian pia, nami nilitaka bodi imkute nacho. Siku mbili nilikaa kimya huku Sista akiandika nywila zake mbele yangu. Juzi akaanza kuandikia wazazi wa binti wa kidato cha pili juu ya ugonjwa wake, jambo la siri. Hapo sikuweza kuvumilia, nikachomoa waya wa intaneti, nikamwambia yote.

Kristian alinifuata jikoni, sauti imeshuka. “Witness, dada yangu, futa tu hizo picha tuyamalize.” Nikamwambia zimeshachapwa nakala saba, moja kwa kila mjumbe wa bodi.

Basi sasa sote wawili tuna barua za kujieleza: yeye kwa kukileta na kunyamaza nikichekwa, mimi kwa siku zangu mbili. Naogopa, usiku silali vizuri. Lakini nitasimama naye mbele ya bodi. Nikifukuzwa, nataka niwe mlangoni nikimwona naye anatoka.

Tafadhali, kama ulifungua kile kiungo, kagua viongezo vyako leo, uondoe usichokijua, kisha ubadilishe nywila. Na upokee simu yangu.

Nisalimie Mama Pendo, Pendo na mdogo wake Justin. Mama anakusalimu sana, na babu Hezekia naye. Mungu awafunike kwa mkono wake, nyote mlio mbali. Kristian nitamwombea pia, kuanzia Alhamisi.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Witness