Kadi za Siku ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Kanali kaniita ofisini asubuhi. Nafasi ya ubingwa imetoka — moja tu, upasuaji wa taya, miaka minne. Jeshi litalipa kila kitu, kama lilivyonisomesha udaktari wa meno. Kwa kila mwaka wa masomo nitalitumikia miwili. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Jina litapelekwa juu wiki ijayo, akasema, "ukibaki msafi." Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nimempigia mama. Akalia mpaka simu ikakatika. Tangu baba atutoke sijamsikia akilia kwa furaha.

Jumanne, 4 Machi
Kikosi kinaondoka Jumatano ijayo. Wapi, hatuulizi. Kila askari awe na kadi ya meno: lipi limezibwa, lipi halipo. Mimi natazama na kutaja, Koplo, msaidizi wangu, anaandika, mimi natia sahihi. Hakuna anayesema kadi ni za nini. Wote wanajua.
Leo sitini. Mgongo wangu hauna hali.

Jumatano, 5 Machi
Kiti cha kliniki kimegoma. Fundi anasema kesho, na kesho ya fundi naijua. Tukawapanga ukumbini kwenye benchi, nikasimama mbele yao na tochi. Arobaini na mmoja kabla ya chakula cha mchana. Koplo kaniita mashine.
Mmoja wanamwita Kicheko. Kafumbua mdomo, kaufumba tena. "Daktari, niandikie vizuri. Mke wangu asije akapewa mume wa mtu." Benchi zima likaangua kicheko. Sajini aliyekaa kando yake, mtu mzima, pengo juu upande mmoja, akamwambia anyamaze, mambo mengine hayataniwi.

Ijumaa, 7 Machi
Kicheko karudi, jino linamuuma. Gego la chini kushoto, lililozibwa zamani. Nikaichukua kadi yake, iliyokuwa bado mezani. Kadi inasema limezibwa la kulia.
Nikatazama mdomo. Nikatazama kadi.
Kwenye kiti nakuwa nyuma ya kichwa cha mgonjwa: kulia kwangu ni kulia kwake. Juzi nilisimama uso kwa uso nao, halafu nikaendelea kutaja kwa mkono wangu mwenyewe. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Kadi zote za siku ya pili ziko kinyume.
Ya Kicheko nimeirekebisha kimyakimya. Zile arobaini Koplo keshazifungia sandukuni, na sanduku halifunguliwi bila barua kwa Kanali yenye sababu. Sababu ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda. Nilikariri maneno njia nzima. Nikamkuta Kanali anaandika barua ya kunipendekeza. Akainua macho: nina shida?
Nikasema hapana, nimekuja kushukuru.
Najidharau. Lakini wakirudi wote salama, nani atazitazama kadi zile? Nikitoka masomoni nitakuwa nimesaidia watu wangapi? Najijibu mwenyewe kama mwendawazimu.

Jumatano, 12 Machi
Wameondoka. Kicheko, juu ya lori, kanionyesha meno yote.

Jumanne, 18 Machi
Mama ananunua masanduku ya safari. Nimemwambia asiharakishe. Kauliza kama naumwa. Nimesema uchovu.

Jumatano, 26 Machi
Kanali kaagiza sanduku la kadi. Koplo kalipitisha mbele ya mlango wangu bila kunitazama.

Alhamisi, 27 Machi
Barua imefika. Nimepata nafasi. Kanali kanipa mkono, kisha kanambia nivae glavu.
Gari limeungua huko waliko. Wengine wametambuliwa. Mwili mmoja bado, na Sajini hajulikani alipo — yule wa pengo. Mkewe yuko hapa tangu alfajiri, benchi la nje ya mlango wetu. "Linganisha wewe," Kanali akasema. "Ubingwa wako unaanzia hapa."
Pengo liko juu kushoto. Kadi yake, sahihi yangu chini yake, inasema juu kulia.
Nilijua kabla sijaishika. Ni yeye. Mengine yote yanalingana vilevile, kinyume kimoja baada ya kingine.
Kanali alikuwa begani kwangu, anasoma kadi kwa kidole. Akashusha pumzi. Haviendani, akasema. Basi siyo Sajini. Akatoka haraka, kama mtu mwenye habari njema.
Koplo kaniwekea fomu. Keshaijaza: siyo yeye. Imebaki sahihi. Nimemwomba dakika mbili, nimeiweka chini ya daftari hili, naandika juu yake.
Mlango haukufungwa vizuri. Namsikia yule mama anacheka na kulia pamoja. Sasa anapiga simu nyumbani. Anawaambia wanawe wanyamaze, wasilie tena, siyo baba yao.
Koplo ananinyooshea kalamu. Namwambia ninayo.